Sungura Hanywi Maji

Mwezi uliopita tulimzika Baba Muthoni huko Molo, na MC akanipa dakika mbili. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa msitu, na yeyote aliyewahi kuhudhuria mazishi Molo anajua kwamba mvua ya huko haingojei maombi yaishe. Nikashika maikrofoni, nikasema marehemu alikuwa mkarimu, mchapakazi na mpenda kanisa, nikarudi kuketi nikiwa nimejichukia. Nilikuwa nimeondoka Nakuru alfajiri nikiwa na jambo moja tu la kusema juu ya mtu yule, nalo halikuhusu ukarimu wala kanisa. Lilihusu sungura. Lakini unaanzaje habari za sungura mbele ya wachungaji watatu na jeneza? Mjane wake ni dada ya baba yangu, na kwetu shangazi huitwa Tata. Tulipokuwa tukila wali na nyama chini ya hema, Tata alinishika mkono akaniuliza, "Na mbona hukusema ile maneno ya sungura? Nilikuwa naingojea." Nikamwambia muda ulikuwa mfupi. "Basi andika," akasema. "Si wewe unajua kuandika." Hivyo naandika, na hapa hakuna MC.

Habari za nyumbani kwetu, baba alikuwa nani na mama alitoka wapi, nitaziruka. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka kumi na minne, kwamba nilifanya mtihani wa darasa la nane pale Nakuru nikaanguka vibaya, na kwamba alama zangu sitaziandika hata leo kwa sababu watoto wangu wanajua kusoma. Siku hizi darasa la nane lenyewe halipo. Binti yangu yuko gredi ya tisa, na nikimwambia nilirudia darasa ananitazama kama niliyemwambia nilisafiri kwa ngamia. Wakati wetu kurudia kulikuwa na utaratibu wake. Hukurudia katika shule ile ile, ambapo wale uliowatangulia wangekukuta umekaa kwenye dawati lao. Ulipelekwa mbali kwa jamaa, ukanunuliwa sare ya rangi nyingine, na ukafundishwa uongo mdogo wa kusema: wazazi wamehama, shule ya kwetu imejaa, jambo lolote ila lile lenyewe. Mimi nilipelekwa Molo kwa Tata, wiki ya pili ya Januari, na uongo wangu ulikuwa kwamba hali ya hewa ya Nakuru ilikuwa inanisumbua kifua. Nilifika nikapigwa na baridi ya Molo, nikakohoa mwezi mzima.

Nyumba ya Tata ilikuwa ya mbao, na chumba nilichopewa kilikuwa chumba cha mbegu. Viazi vya kupandwa msimu wa mvua vilitandazwa kwenye rafu kutoka sakafuni hadi karibu na dari, vikichipua taratibu, na kitanda changu kilisukumwa katikati yao. Kulikuwa na harufu ya udongo mkavu iliyoingia hadi kwenye sweta. Asubuhi nilikuta chipukizi nyeupe zimeongezeka kidogo juu ya kichwa changu, nami nilizichukia kwa sababu zilionyesha kwamba hata viazi vina mahali vinapokwenda. Jikoni ndiko kulikuwa na uhai. Tata alipika mukimo wa viazi, mahindi na majani ya malenge, akauponda kwa mwiko hadi jasho limtoke, na jioni tulikunywa chai ya maziwa mengi tukiwa tumekaa karibu na jiko la kuni kiasi cha kuunguza magoti. Watoto wao walikuwa wakubwa tayari na wameondoka. Muthoni, kifungua mimba, alikuwa ameolewa Gilgil. Tulikuwa watatu tu mezani, na wawili kati yetu hawakuwa wasemaji.

Kuta za mbao hazifichi kitu. Jumapili yangu ya pili pale, baada ya kanisa, nilikuwa nimelala chumba cha mbegu nikijifanya nasoma, nikamsikia Baba Muthoni akimuuliza Tata, "Huyu msichana ako na kichwa, ama tunaharibu fees?" Tata akamwambia anipatie nafasi. "Nafasi nitampa. Mpaka April. Report ya April ikikuja vile ile ingine ilikuja, apelekwe kwa yule mama wa Elburgon anafunzanga kushona. Kushona si dhambi." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga shamba, wapi viazi na wapi karoti. Washonaji wanisamehe, sina neno nao, na nguo ninayovaa ninapoandika haya sikuishona mwenyewe. Kilichoniumiza ni kwamba nilipomsikia nilikubaliana naye. Nilikuwa nimeshaamua kwamba kichwa changu kina hitilafu, kwamba mambo huingia kwa wengine na kwangu hugonga ukuta. Shuleni niliketi dawati la nyuma, nikanakili ubaoni kwa mwandiko mzuri sana, na sikunyanyua mkono hata mara moja.

Baba Muthoni alikuwa mkulima wa viazi kwa kazi, lakini kwa moyo alikuwa mtu wa sungura. Alikuwa na zaidi ya ishirini, katika vizimba vya mbao na waya alivyovijenga juu ya miguu mirefu nyuma ya zizi la ng'ombe. Tulikula mmoja mara moja moja, mbolea yao iliingia kwenye sukuma wiki, lakini nadhani aliwafuga hasa kwa sababu ya kuwatazama. Na alikuwa na kanuni. Nyasi hazikuliwa siku zilipokatwa. Zilikatwa leo, zikatandazwa juu ya mabati ya zizi zipigwe jua mpaka zinyauke, na kesho yake ndipo sungura wakapewa. Jani lenye umande lilikuwa marufuku. Kabichi ilitolewa jani moja moja na kupanguswa kwa kitambaa. Na juu ya kanuni zote kulikuwa na ile ambayo sikumsikia mtu yeyote Molo akiihoji: sungura hanywi maji. Hupata maji ya kumtosha kwenye majani, na ukimpa mengine tumbo litafura afe. Katika vizimba vyote vile hapakuwa na kopo hata moja.

Waru alizaliwa karibu na Krismasi, kabla sijafika. Mama yake alikuwa jike la kijivu lililoitwa Malkia, bibi wa nusu ya vizimba vile. Watoto walikuwa wanane, na wa nane alikuwa mdogo mno, anasukumwa na wenzake kila wakati wa kunyonya. Nilimwona siku yangu ya tatu pale, amekaa pembeni peke yake, macho mawili na mifupa. Baba Muthoni alimgusa mgongo kwa kidole kimoja. "Huyu hafiki," akasema. Nikamwomba anipe. Akaniuliza kama najua kwamba mnyama hula kila siku, hata siku ya mtihani. Nikasema najua. "Chukua. Lakini akikufa usinililie mimi." Nikamwita Waru, ambalo ni jina la kiazi kwa watu wa kwetu, kwa kuwa alikuwa na ukubwa na rangi ya kiazi ambacho mnunuzi hukirusha pembeni.

Nilimweka kwenye katoni karibu na ukuta wa jikoni, juu ya matambara ya sweta kuukuu. Tata alinionyesha kuchovya ncha ya kitambaa safi kwenye maziwa vuguvugu na kumwachia anyonye, kidogo kidogo, asije akapaliwa. Siku za kwanza aliyapokea nusu na nusu yakaishia kidevuni. Nilimlisha kabla ya shule, nilimlisha nikirudi, nilimlisha kabla ya kulala, na kati ya hapo nilimwaza. Alipoanza kutafuna majani nilisikia sauti ya meno yake madogo, nikamwita Tata kutoka zizini aje asikie, naye akaja na ndoo ya maziwa mkononi, akainama, akasikia, akasema, "Haya, mtoto wako amekula." Tulicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu matokeo yatangazwe. Mwishoni mwa Januari Baba Muthoni, bila kuulizwa, alimtengenezea kizimba chake mwishoni mwa vile vingine, na mimi nikahamisha masomo yangu huko. Nilikaa juu ya debe lililopinduliwa, vitabu magotini, nikisoma kwa sauti ndogo huku Waru akikaa upande wa pili wa waya. Kwa sababu ya kukaa pale kila siku nilimjua kuliko nilivyowahi kujua somo lolote. Nilijua anakojoa kona gani, anapenda mabua gani, na kinyesi chake kina ukubwa gani.

Februari ikaja kavu. Usiku barafu nyembamba ilianguka mashambani na mchana jua likachoma kilichobaki, hata sukuma wiki ikawa ya kahawia. Majani mabichi yakaisha. Sungura wakahamishiwa nyasi kavu na pumba za ngano, kama ilivyokuwa kila mwaka, na kama ilivyokuwa kila mwaka wakaanza kufa. Hilo la kila mwaka nililisikia kwa Tata. Baba Muthoni alikuwa hata na jina lake, homa ya Februari, na alilitaja kama mtu anavyotaja mgeni asiyempenda lakini amemzoea. Aliziba vizimba kwa magunia kuzuia upepo. Alichoma majani ya mkalitusi chini yake ili moshi uwasafishe vifua. Wiki moja walikufa wawili, wiki iliyofuata watatu. Sijui kama mtu aliyemwona sokoni angeamini, lakini nilimwona akisimama mbele ya kizimba kitupu na kofia mkononi. Kisha Waru akaacha pumba zake. Kinyesi chake kikawa kidogo na kigumu, mfano wa mbegu za pilipili, na nikimvuta ngozi ya shingoni inabaki imesimama badala ya kurudi. Aliketi mahali pamoja siku nzima.

Niliogopa sana. Nilikuwa nimeshapewa onyo kwamba hafiki, nami nilikuwa nimemfikisha, na sasa ningempoteza wakati nimeshamzoea. Asubuhi moja nilikwenda kizimbani kabla jua halijatoka, nikamkuta amesimama kwa miguu ya nyuma, amejinyoosha hadi juu, analamba. Nilisogea karibu. Vichwa vya misumari iliyoshikilia waya vilikuwa na barafu, na alikuwa akivilamba kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio, hata vile ambavyo hakuvifikia vizuri. Alipovimaliza akaanza waya wenyewe. Nikaenda kizimba kilichofuata. Sungura wawili, wote wananyanyua shingo, wote wanalamba. Nikatembea safu nzima. Nilikuwa nimewasikia watu wakieleza homa ile kwa upepo, kwa baridi, kwa jirani mwenye jicho baya, na hapo nilijua kwa mara ya kwanza jambo ambalo hakuna aliyenifundisha.

Jioni hiyo tulikuwa tukila githeri ya mahindi na maharagwe. Nilisema nikitazama sahani yangu, "Baba Muthoni, nafikiri sungura wako na kiu."

"Wako na nini?"

"Kiu. Waru analamba barafu kwa misumari."

Akacheka, wala si kwa dharau. "Wewe, umewahi ona sungura ikienda mto? Ng'ombe inaenda. Mbuzi inaenda. Hata kuku inakunywa na inaangalia juu kushukuru Mungu. Sungura hakunywangi maji." Kisha akaacha kucheka, akaniambia kwamba akiwa wa rika langu alikuwa na sungura kumi na wawili. Mvua ilinyesha wiki nzima, akaona ni uvivu kungoja nyasi zinyauke, akawapa zikiwa mbichi na zinachuruzika. "Jumapili nikitoka kanisa, zote zimelala, tumbo imefura. Kumi na mbili. Nilizika na hii mikono yangu."

Ningenyamaza. Kila kitu katika malezi yangu kiliniambia ninyamaze. "Lakini hiyo ilikuwa nyasi," nikasema. "Haikuwa maji."

"Mami," akasema, "kama ungekuwa unajua vitu hivyo, si ungepita mtihani?"

"Baba Muthoni!" Tata akamkemea. Yeye akakichunguza kijiko chake. Nadhani alijua amevuka mpaka, lakini wanaume wa umri wake neno likishatoka hawalifuati kulirudisha. Mimi nilisikia uso ukiwaka. Niliondoa sahani yangu ikiwa nusu, nikaenda nje kuosha vyombo, na machozi yakaingia kwenye karai pamoja na sabuni. Nilipomaliza, kulikuwa bado na mwanga kidogo, nikapita kwa Waru kumpa usiku mwema. Nilipitisha vidole kwenye waya kama kawaida. Vilikuwa vimelowa maji ya kusuuzia. Alivilamba vyote, akarudi katikati ya kimoja na kingine ambako maji hujificha, akanilamba hadi ngozi ikakauka, kisha akabaki ameshika kidole changu kwa meno bila kuuma.

Kesho yake asubuhi, nikiwa nimevaa sare tayari, nilichukua kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia, nikakijaza maji ya tangi, nikakiingiza kizimbani. Waru alikinusa. Alishtuka pua ilipogusa maji, akarudi nyuma, akapiga chafya. Kisha akainama akanywa. Hakulamba mara mbili tatu akaacha. Alikunywa mpaka chini ya kifuniko kukaonekana, nikaongeza, akanywa tena. Ndipo hofu ikanishika kikamilifu. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akitaka maji, lakini watu wazima wote niliowajua walisema maji yatamuua, na mimi nilikuwa mtoto aliyeanguka mtihani. Nilikificha kifuniko chini ya debe, nikaenda shule. Sijui tulifundishwa nini siku ile. Mwalimu wa sayansi aliniuliza swali, nikajibu "kiu", na darasa likaangua kicheko kwa sababu swali lilihusu kupatwa kwa mwezi. Saa ya kwenda nyumbani nilikimbia kilomita zote mbili, begi likinipiga mgongoni, nikijitayarisha kukuta tumbo lililofura. Nilimkuta Waru amesimama kwenye sahani ya pumba, anakula. Nilikaa chini kwenye vumbi na sare yangu mpya.

Nilimpa maji kwa siri siku nne zilizofuata. Ngozi yake ya shingoni ikaanza kurudi mahali pake nikiivuta. Siri hiyo ilinifurahisha na kunitesa kwa wakati mmoja, kwa sababu vizimba vingine vyote vilikuwa vinanitazama. Niliwaza kuwanywesha wote, nikaogopa, hawakuwa wangu. Kisha Jumamosi asubuhi nikasikia sauti ya kisu kikinolewa kwenye jiwe. Malkia alikuwa amelala ubavu, macho nusu wazi, na Baba Muthoni alikuwa amekusudia kumchinja kabla hajafa mwenyewe. Hakuwa na furaha. Alikuwa ananoa polepole, kama mtu anayetafuta sababu ya kuchelewa. Nilikwenda nikasimama kati yake na kizimba.

"Usimchinje," nikasema. "Nimempa Waru maji siku tano."

Akaacha kunoa. "Umempa nini?"

"Maji. Kila asubuhi. Ukitaka nipige, lakini kwanza mwangalie."

Aliweka kisu juu ya jiwe, akaenda hadi mwisho wa safu, akafungua mlango wa Waru. Alikuwa mtu ambaye mikono yake ilijua mnyama kuliko mdomo wake. Alimgeuza, akambonyeza tumbo, akavuta ngozi ya shingo na kuiachilia, akaivuta tena. Alichukua kinyesi akakivunja kwa vidole. Kisha akarudi kwa Malkia akafanya yale yale, kwa utaratibu ule ule, na ngozi ya Malkia ikabaki imesimama. Tata alitoka jikoni, akatuona, akarudi ndani.

"Mpaka saa kumi," Baba Muthoni akasema mwishowe. "Saa kumi nikikuja nimkute hivi, namchinja." Akachukua jembe akaenda shambani, ingawa shambani siku hiyo hapakuwa na kazi yoyote.

Malkia hakutaka kunywa. Nilimwekea kifuniko chini ya pua akakitazama tu. Nilichovya kidole nikampaka mdomoni, maji yakashuka kwenye manyoya. Nikakumbuka kitambaa cha maziwa, nikakimbia kukitafuta, nikaanza upya kama nilivyokuwa nimeanza na mwanawe: tone, nangoja, tone, nangoja. Tata aliniletea chai ikapoa pembeni. Sikuwa nawaza mtihani wala Elburgon. Nilikuwa nataka tu sungura mmoja ameze. Karibu saa saba alimeza. Saa nane alinyanyua kichwa, akaweka mdomo kwenye kifuniko mwenyewe, akanywa kwa pumziko refu katikati kama mzee anayekunywa uji wa moto. Baba Muthoni alirudi kabla ya saa kumi, nilimwona akipita kando ya zizi mara tatu akijifanya anatafuta kamba. Saa kumi yenyewe alikuja mikono mitupu. Malkia alikuwa amekaa kwa miguu yake minne, anatafuna bua moja la nyasi kavu bila haraka. Baba Muthoni aliitazama ile safu yote ya vizimba visivyo na makopo. Aliniambia nikale, kwa sababu sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Jumatatu nilipotoka shule nilikuta kila kizimba kina kopo, limekatwa vizuri na kukunjwa ncha lisikate midomo, limefungwa kwa waya lisipinduke. Kazi ya kuyajaza ilikuwa yangu asubuhi na yake jioni. Tulipoteza sungura mmoja zaidi, aliyekuwa ameshazidiwa, na baada ya hapo homa ya Februari haikurudi, mwaka ule wala mwaka mwingine. Waru aliishi miaka sita, akanenepa hadi akawa na kidevu cha pili. Nilikuwa natoka shule ya sekondari likizo namkuta amekaa kona yake ile ile. Ripoti ya Aprili haikuwa ya kujivunia, lakini ilitosha, na neno la Elburgon halikutajwa tena nyuma ya ukuta wa mbao. Mtihani wa Novemba nilipita. Nilipita katikati, na nyumbani walichinja kuku, nami nikala paja.

Watu wakiniuliza mwaka ule ulinipa nini, hudhani nitataja mtihani. Siku ninayoishikilia ni ya mwezi wa Machi, mvua ikiwa imeanza. Alikuja Baba Chege, jirani wa ng'ambo ya barabara, mtu mwenye sungura wengi kuliko sisi na maneno mengi kuliko sungura wake. Alipita nyuma ya zizi, akaona yale makopo, akashika kiuno akacheka. "Baba Muthoni, kwani siku hizi unafuga samaki?"

Nilikuwa nimekaa juu ya debe langu na kitabu. Niliinamisha kichwa. Afisa wa mifugo alikuwa amepita kijijini wiki ile kuchanja ng'ombe, na nilijua kabisa Baba Muthoni angesema nini. Angesema daktari ndiye aliyeagiza, na Baba Chege angenyamaza kwa heshima, na mambo yangeishia hapo.

"Nilikuwa sijui," Baba Muthoni akasema. "Miaka hii yote nimekuwa nikiziua na kiu, na ni mimi nilikuwa sijui. Huyu ndiye aliona."

"Nani? Huyu?"

"Huyu."

Baba Chege alinitazama, nami nikamtazama, na sikumbuki alijibu nini. Nilichosikia ni lile neno la kutojua. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mzima akilisema hivyo, amesimama wima, mbele ya mwanamume mwenzake, bila kupunguka. Nilikuwa nimedhani ni neno langu peke yangu, ndiyo maana nililificha kwenye dawati la nyuma. Niliingia chumba cha mbegu, nikafungua kitabu cha hesabu kwenye sura ya asilimia, ambayo nilikuwa nimejifanya naielewa tangu darasa la sita, nikaisoma hadi mahali iliponishinda, nikapatia alama kwa penseli. Asubuhi yake, mwalimu alipouliza kama kuna mwenye swali, nilinyanyua mkono nikamwambia sijui.